Saa za Bure za Nasari: Nani Anahesabiwa, Nani Anaachwa?

Mwaka jana tulikaa mezani na tajiri wa shamba moja la chai huku magharibi ya Uganda. Tulikuwa na madai kumi na moja, na dai la saba lilihusu mahali pa kulelea watoto wachanga wa akina mama wanaochuma chai. Tajiri hakulikataa. Alisema kujenga nyumba ni gharama na kuajiri walezi ni gharama, lakini yuko tayari kumpa kila mama mwenye mtoto mchanga posho kidogo ya kila mwezi, ajitafutie mwenyewe mtu wa kumwangalia mtoto. Alitaka sharti moja tu: mama awe amefanya kazi siku 26 katika mwezi huo bila kukosa hata moja.

Sisi viongozi tulifurahi. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Ndipo mama mmoja wa kamati, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, akauliza: "Wandugu, ni mama gani kati yetu mwenye mtoto wa miezi mitano anayefika siku 26?" Tukahesabu kwa vidole. Katika laini ya nyumba anayokaa yeye walikuwako akina mama tisa wenye watoto wachanga. Mwezi uliopita ni mmoja tu aliyetimiza siku 26. Wengine walikosa siku kwa sababu mtoto alikuwa na homa, au kwa sababu walirudi nyumbani saa sita kunyonyesha na mnyapara akawaandikia nusu siku.

Tuliona aibu. Posho ile ilitolewa kwa jina la akina mama wenye watoto wachanga, na sharti lake likawatoa nje haohao. Tuliweka kalamu chini tukaomba siku za kufikiri.

Katika siku hizo mwanachama wetu mmoja alituletea barua ya mdogo wake wa kike aliyeolewa Uingereza. Dada huyo anafanya kazi siku tatu kwa juma katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliandika kwamba mtoto wake wa miaka miwili anakwenda nasari saa 30 kwa juma na saa hizo halipii, na zile zinazozidi anasaidiwa kulipa. Barua iliposomwa, wengine walicheka, hawakuamini. Wengine walisema huko ni Ulaya, pesa zinaokotwa njiani. Sisi tuliona afadhali tujue jambo lenyewe linavyokwenda. Tulichojifunza tunakiandika hapa, kwa sababu sharti la siku 26 tulilolikuta mezani lina ndugu yake kule Uingereza.

WALIANZIA WAPI

Mtu asidhani kwamba wenzetu walipewa saa hizi kama zawadi ya sikukuu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanaume walipokwenda jeshini, serikali ya Uingereza iliwahitaji wanawake katika viwanda vya ndege, vya risasi na vya nguo. Mama hawezi kusimama kwenye mashine na mtoto mgongoni. Kwa hiyo zilifunguliwa nasari za wakati wa vita, na kufika mwaka 1944 zilikuwa karibu 1,500. Vita vilipokwisha mwaka 1945 serikali ilipunguza fedha zake, na nyingi zikafungwa. Nasari iliyofunguliwa kwa haja ya kiwanda ilifungwa haja ya kiwanda ilipokwisha. Haja ya mama haikuulizwa.

Mwaka 1970 wanawake walikutana katika mji wa Oxford, wakatoa madai manne. Moja lilikuwa nasari za bure zinazofunguliwa saa 24, ili hata mama wa zamu ya usiku apate mahali pa kumweka mtoto. Dai hilo halijatimizwa lote mpaka leo. Lakini mwaka 1998 watoto wote wa miaka 4 katika England, iliyo sehemu kubwa ya Uingereza, walipewa nafasi za bure za nusu siku. Mwaka 2004 wakaongezwa watoto wote wa miaka 3. Mwaka 2010 saa zikawa 15 kwa juma. Mwezi wa Septemba 2017 wazazi wafanyakazi wenye watoto wa miaka 3 na 4 wakapata saa 30. Mwaka 2024 wakaanza kuingizwa watoto wa wafanyakazi wenye miaka 2, kisha wenye miezi 9, kwa saa 15. Na tangu Septemba 2025 mtoto wa mfanyakazi hupata saa 30 kuanzia miezi 9 mpaka aingie shule.

Hesabuni wenyewe: kutoka mwaka 1998 mpaka mwaka 2025 ni miaka 27. Mama aliyeanza kudai akiwa na mtoto mgongoni alikuja kupata jibu akiwa bibi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima awepo mtu wa kusimama kwenye kibaba na kutazama kama kweli kinajazwa.

MIEZI 9 NA SIKU 60

Kwa nini wakaanzia miezi 9? Kwa sheria ya Uingereza mama aliyejifungua anaweza kukaa nyumbani majuma 52, na katika hayo malipo ya uzazi ya kisheria huenda majuma 39. Majuma 39 ni miezi 9. Pale malipo ya uzazi yanapokwisha, saa za nasari zinaanza.

Sasa tazameni kwetu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4 za kazi. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa juma, siku 60 ni majuma kumi. Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza mwaka 1997, inamngojea mtoto kwenye darasa la kwanza. Kati ya majuma kumi na darasa la kwanza kuna miaka zaidi ya mitano. Miaka hiyo mtoto analelewa na nani? Tunajua sote. Analelewa na bibi yake kama yupo karibu. Kama hayupo, analelewa na dada yake wa miaka tisa, ambaye kwa sababu hiyo haendi shule. Wakati mwingine analazwa juu ya kanga mwishoni mwa mstari wa chai, penye siafu na dawa ya kuulia magugu.

SAA ZA BURE ZINAVYOTOLEWA

Turudi Uingereza. Saa 30 kwa juma hutolewa kwa majuma 38 ya mwaka, yaani majuma ambayo shule zimefunguliwa. Jumla ni saa 1,140. Nasari nyingine humruhusu mzazi kuzitandaza saa hizo kwa mwaka mzima, na hapo huwa karibu saa 22 kwa juma.

Sharti kubwa ni la kipato. Kila mzazi lazima atazamie kupata, kwa wastani wa miezi mitatu inayokuja, angalau fedha sawa na saa 16 kwa juma kwa kima cha chini cha mshahara. Kima hicho hubadilika kila Aprili. Katika mwaka ulioanza Aprili 2025, kwa mwenye miaka 21 na zaidi, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, kwa hiyo mpaka ulikuwa pauni 195 kwa juma. Kama wazazi ni wawili na wanakaa pamoja, kwa kawaida wote wawili lazima wafike mpaka huo. Na mzazi anayepata zaidi ya pauni 100,000 kwa mwaka hapewi.

Angalieni vizuri neno moja hapo. Kinachohesabiwa ni fedha, hazihesabiwi saa. Mwenye mshahara mkubwa akifanya kazi saa nane tu kwa juma, anaweza kuvuka mpaka. Mfagiaji wa kima cha chini akifanya kazi saa 15 hauvuki.

Mzazi huomba namba ya siri kutoka serikalini, huipeleka nasari, na kila baada ya miezi mitatu hurudi kuthibitisha kwamba bado anafanya kazi. Namba iwe imepatikana kabla muhula haujaanza. Akichelewa, mtoto hungoja muhula mwingine. Akishuka chini ya mpaka kwa muda, huachiwa kipindi cha neema, kisha saa hukatwa.

Mtoto wa miaka 3 na 4 ana saa 15 kwa juma za bure hata kama wazazi wake hawafanyi kazi kabisa. Na katika Scotland, tangu Agosti 2021, kila mtoto wa miaka 3 na 4 ana saa 1,140 kwa mwaka, na haulizwi mama yake anafanya kazi saa ngapi. Tulipenda sana mpango huo wa Scotland. Saa ni za mtoto mwenyewe, hazikufungwa kwenye kadi ya kazi ya mama.

FEDHA JUU YA SAA

Saa za bure hazitoshi. Nasari hutoza fedha kwa saa zinazozidi, na kwa yale majuma 14 ambayo shule zimefungwa. Hapo ndipo mzazi anaunganisha saa za bure na msaada wa fedha. Kuna njia mbili, na haruhusiwi kutumia zote mbili kwa pamoja.

Njia ya kwanza inaitwa Tax-Free Childcare. Mzazi hufungua akaunti ya serikali. Kila akitia pauni 8, serikali hutia pauni 2, mpaka pauni 2,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na 4,000 kama mtoto ana ulemavu. Lakini sharti ni lilelile la saa za bure: ufike mpaka wa kipato.

Njia ya pili ni kwa wenye kipato kidogo wanaopata msaada wa serikali unaoitwa Universal Credit. Huko serikali hurudisha mpaka asilimia 85 ya fedha ambazo mzazi amelipa nasari, ingawa kuna kiwango cha juu kwa mwezi. Njia hii haina sharti la saa 16. Hata mwenye kazi ya saa chache anaingia, bali kama wazazi ni wawili, wote kwa kawaida lazima wawe na kazi. Ubaya wake ni huu: lipa kwanza, ndipo urudishiwe. Tangu mwaka 2023 anayeanza kazi au anayeongezewa saa husaidiwa malipo ya mwanzo. Na msaada wenyewe hupungua mshahara unavyopanda: katika kila pauni moja inayopatikana juu ya kiasi kilichosamehewa, hukatwa peni 55.

HESABU YA MAMA WAWILI

Hesabu hizi tumezifanya kwa mfano, tuseme nasari inatoza pauni 6 kwa saa.

Mama wa kwanza anafanya kazi saa 20 kwa juma kwa kima cha chini cha mwaka ulioanza Aprili 2025, anapata pauni 244. Amevuka mpaka. Mtoto wake wa mwaka mmoja anakaa nasari siku tatu, saa 10 kila siku, jumla saa 30. Katika majuma 38 halipii saa hata moja. Katika majuma 14 ya likizo ya shule anadaiwa pauni 180 kwa juma. Kama anatumia ile akaunti, yeye hutia 144 na serikali 36. Kama yuko katika Universal Credit na hajazidi kiwango cha juu cha mwezi, hurudishiwa 153, na mzigo wake unabaki pauni 27. Huyu ameunganisha saa za bure na fedha, na amepata nafuu kubwa.

Mama wa pili anafanya kazi dukani saa 14 kwa juma kwa kima hichohicho, anapata pauni 171. Hakuvuka. Mtoto wake naye ana mwaka mmoja, anakaa nasari siku mbili, jumla saa 20, na bili ni pauni 120 kwa juma. Saa za bure hana. Kama mshahara wa mume wake unawatoa katika Universal Credit, basi msaada huo hana. Na ile akaunti ya pauni 8 kwa 2 pia hana, kwa sababu mpaka wake ni uleule. Analipa 120 zote kutoka katika 171. Kwa majuma 38 peke yake ni pauni 4,560.

Tofauti ya mama huyu na mwenzake mwenye saa 16 ni saa mbili kwa juma. Na saa hizo mbili mara nyingi haziko mikononi mwake. Wako wafanyakazi wengi Uingereza wa mikataba isiyo na saa za uhakika, ambao juma hili hupewa saa 20 na juma lijalo 9, kwa kupenda bosi. Bosi akipunguza saa, hakupunguza mshahara tu, amegusa na kitanda cha mtoto kule nasari.

Hapo tuliona sharti letu la siku 26 limevaa koti la Kizungu.

MAHALI PENGINE PANAPOVUJA

Tuliona na mengine matatu.

Kwanza, saa ni za bure lakini chakula na nepi si vya bure. Nasari inaruhusiwa kuomba fedha kwa vitu hivyo. Serikali imesema malipo hayo yawe ya hiari, lakini mzazi mwenye shida ya nafasi huogopa kukataa.

Pili, haki iliyoandikwa haileti nafasi peke yake. Serikali huilipa nasari kiasi fulani kwa kila saa ya bure, na wenye nasari wamelalamika mara nyingi kwamba kiasi hicho hakitoshi. Mama anaweza kuwa na namba mkononi na asipate mlango wa kubisha.

Tatu, saa za nasari na saa za kazi hazilingani. Anayefagia ofisi alfajiri na anayetunza wazee usiku hukuta nasari imefungwa. Ndilo dai la mwaka 1970, bado liko pale.

NENO KWA WENYE NDUGU HUKO

Wengi wetu tuna mabinti na wadogo zetu waliokwenda Uingereza kwa kazi ya kutunza wagonjwa na wazee. Wajue kwamba saa 15 za mtoto wa miaka 3 na 4 katika England ni za kila mtoto, viza ya mzazi haiulizwi. Lakini saa 30 za wafanyakazi, ile akaunti, na Universal Credit vina masharti ya ukaazi, na viza nyingi za kazi zimepigwa muhuri kwamba mwenyewe hana ruhusa ya kutumia fedha za umma. Asiombe kwa kubahatisha, maana kosa linaweza kuharibu viza. Aulize kwanza kwa mtu anayejua, na chama cha wafanyakazi cha kazini kwake ni mahali pazuri pa kuanzia. Wasioingia chama hujifunza mambo haya wakati bili imekwisha kufika.

HAPA KWETU TUDAI NINI

Ndugu wafanyakazi, hatukuandika haya ili tuitamani Ulaya. Serikali yetu haina fedha za Uingereza, na hakuna anayetazamia saa 1,140 kesho asubuhi. Lakini hata mkataba mdogo wa shamba moja una maneno, na maneno hayo ndiyo yanayoamua mama gani ataingia na mama gani atabaki mlangoni.

Majirani zetu wana mahali pa kuanzia. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe katika saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea. Tajiri akisema jambo hili halijasikika Afrika ya Mashariki, mwambieni avuke mpaka akasikilize.

Sisi tulirudi mezani na mambo sita. Tunayaandika ili kila kamati iyachukue na kuyalinganisha na hali ya kwake.

1. Haki iandikwe kwa jina la mtoto. Kila mtoto wa mfanyakazi aliye chini ya umri wa shule apokelewe, bila kuuliza mama au baba yake alifanya siku ngapi mwezi huo. Tunasema na baba, maana wako wanaume wanaolea watoto peke yao.

2. Kibarua ahesabiwe. Mwenye siku tatu kwa juma aandikwe kama mwenye siku sita. Asiyekuwapo na lake halipo: kama kibarua hakutajwa katika mkataba, tajiri hatamkumbuka.

3. Mahali kwanza, posho baadaye. Posho bila mahali haimpati mlezi mwaminifu kwa bei ile, na mama ataendelea kumwachisha shule binti yake mkubwa. Lakini mahali pakiwapo, posho inaweza kuombwa juu yake kwa siku za zamu na za kazi ya ziada. Ndivyo wenzetu wanavyounganisha saa na fedha.

4. Mlango ufunguliwe kabla ya majina kuitwa asubuhi, na usifungwe mpaka majani ya mwisho yapimwe. Nasari inayofunguliwa saa mbili haimfai mama anayeitwa saa kumi na mbili.

5. Uji na maji safi viandikwe kuwa ni juu ya mwajiri. Kisichoandikwa kitageuka kuwa mchango, na mchango utageuka kuwa kodi.

6. Muda wa kunyonyesha usikatwe katika siku ya kazi. Kwa anayelipwa kwa kilo, ikubaliwe kilo za kufidia muda huo, la sivyo haki itamla mwenyewe.

Na mkataba usiseme kwamba mahali hapo patakuwapo "kwa kadiri ya mahitaji ya shamba". Tumeona nasari za vita zilivyokwisha. Andikeni muda wa mkataba na namna ya kupageuza, ili pasifungwe kwa neno la mtu mmoja.

TULIPOFIKIA

Mazungumzo yalichukua vikao vinne. Tajiri alikubali kutoa nyumba moja katika laini na walezi wawili watakaolipwa na shamba. Alikubali uji. Alikubali mlango ufunguliwe kabla ya majina. Sharti la siku 26 limefutwa.

Lililobaki mezani ni vibarua wa msimu. Tajiri anasema hao si wake, ni wa mkandarasi. Sisi tunasema majani wanayochuma yanaingia katika kiwanda chake, na mzani hauulizi majani haya yamechumwa na mkono wa nani. Hapo hatujapatana, na hatutatia sahihi mpaka tupatane.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa kila mjumbe wa kamati anayesoma ukurasa huu. Kabla ya kikao chenu kijacho, piteni nyumba kwa nyumba na idara kwa idara. Andikeni ni wazazi wangapi wana watoto wa chini ya miaka sita, ni wangapi kati yao ni vibarua, na mwezi uliopita kila mmoja alifanya siku ngapi. Ingieni kikaoni na karatasi hiyo. Sisi karatasi hiyo hatukuwa nayo. Tuliokolewa na swali la mama mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, na si kila kamati ina mama huyo. Kama yenu haina, mchagueni.

Umoja ni nguvu.